Katikati ya Nyamugo na Cimpunda

Toga yangu naivua mlangoni.
Watoto huiogopa; mmoja aliwahi kuniuliza
kama nimetoka kuzika.
Kitambaa cheupe cha shingoni nakikunja, nakitia mfukoni
pamoja na peremende mbili na kalamu isiyovuja,
kisha naingia chumba cha jaji wa watoto,
ambamo leo umeme haupo
na karani anaandika kwa mkono, ulimi nje.

Upande huu, baba: Zihalirwa, fundi wa pikipiki,
mafuta meusi chini ya kucha, shati la kuazima.
Nyuma yake shangazi wawili na hesabu yao:
mbuzi sita, ng'ombe mmoja, jembe, blanketi.
"Mali ilitoka. Mtoto ni wa ukoo."
Upande ule, mama: Nabintu, muuza sambaza,
ananuka ziwa na moshi, wala haombi radhi.
"Mbuzi hao," anasema, "hawakukesha na homa yake."
Jaji anagonga meza kwa kifuniko cha kalamu.

Katikati yao, miguu haifiki sakafuni,
Cibalonza, miaka saba. Mteja wangu.
Asubuhi aliniuliza barazani:
"We avoka, uko wa nani?"
Nikasema: wako.
Akanitazama kuanzia viatu hadi nywele
kama mtu anayepapasa kitenge asichoweza kulipia.
"Basi waambie wasipige kelele."

Nimesoma sheria miaka mitano.
Sijawahi kupewa maagizo yaliyo wazi namna ile.

Jaji, mwanamke mpole mwenye mafua, akainama:
"Cibalonza, ungependa kulala wapi?"
Swali hili nalichukia. Ni kisu tunachompa mtoto
tukimwambia ni kijiko.
Mvua ikaanza kwenye mabati.
Akasema: "Pa katikati."
Katikati wapi?
"Kwa Mama Wivine, penye anakaangaka mandazi.
Nikitoka kwa mama napumzika pale.
Nikitoka kwa baba napumzika pale.
Yeye haniulizake kitu."

Karani akainua kalamu: aandike nini?
Shangazi mmoja alicheka, akakimeza kicheko.
Zihalirwa akatazama kucha zake.
Nabintu akafungua fundo la kitenge, akalifunga tena palepale.

Kuna kifungu cha ulezi, kipo cha matunzo,
kipo cha baba kumtembelea mwanawe Jumapili.
Cha Mama Wivine hakuna.
Nikasimama. Nikasema maslahi bora ya mtoto,
nikasema uchunguzi wa kijamii, nikaomba siku kumi na tano.
Tukapewa. Muhuri ukalia kama mlango.

Jioni sikupanda teksi.
Nilikwenda pekupeku, viatu mkononi,
maana tope la Kadutu halimjui wakili.
Nikaanzia kizingitini kwa Nabintu, nikihesabu:
hatua mia saba na kumi na mbili hadi kwenye karai.
Mama Wivine akanisogezea kigoda, hakuuliza kitu.
Nikala mandazi mawili ya moto, nikalipa, nikaendelea:
hatua mia saba na arobaini hadi kwa Zihalirwa.

Tofauti ishirini na nane.
Kumbe si katikati, nikawaza; ameegemea kwa mama.
Nikafungua dosye kwa mwanga wa simu, niandike.
Ndipo nikakumbuka: kwenda Cimpunda ni mlima,
na hatua za mlimani ni fupi.
Tena ilikuwa miguu yangu. Yake siijui.

Nikafunga dosye, mvua ikaniingia shingoni
pale kitambaa cheupe kinapokaa mchana.
Wiki ijayo nitamwomba tutembee wote,
ahesabu yeye.
Ila shuleni, ameniambia, wamefika mia moja tu.
Itabidi aanze upya njiani, tena na tena,
nami nikunje kidole kila anaporudi kwenye moja.